Tulimzika mume wangu Jumatatu ya Pasaka. Mwaka huu nitaimbaje "Amefufuka"?

"Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Ninaishi Kimara na watoto wangu wawili, mmoja ana miaka tisa na mwingine minne. Mume wangu aliugua figo, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki kwa karibu mwaka na nusu. Alifariki usiku wa Alhamisi Kuu mwaka jana, tukamzika Kinondoni Jumatatu ya Pasaka. Wanakwaya wenzangu walitoka ibadani wakaja moja kwa moja makaburini na sare zao nyeupe. Tangu siku ile sijaimba. Sasa mwalimu wa kwaya anataka nirudi kwa Pasaka hii, anasema sauti ya pili imepwaya na kwamba kuimba kutaniponya. Mama mkwe anasema machozi yakivuka mwaka ni kumkufuru Mungu. Kuna mtumishi ninayemsikiliza redioni, nilipompigia akaniambia mume wangu asingekufa kama ndani ya nyumba kusingekuwa na mtu mwenye mashaka, na kwamba nitoe sadaka ya ufufuo, shilingi 300,000, ili mlango wa mauti ufungwe kwa watoto. Nina deni la kikoba la milioni 2.4 lililotokana na matibabu. Silali vizuri. Kuna usiku namwomba Mungu anichukue na mimi. Na juzi mwanangu mkubwa kaniuliza: Yesu alifufuka siku ya tatu, mbona baba hajafufuka? Nilishindwa kumjibu. Je, imani yangu imekufa?"

Amina, dada yangu. Pole sana. Najua pole ulipewa nyingi mwaka jana chini ya turubai, lakini huwa zinakoma arobaini ikipita, na hapo ndipo mfiwa anapoanza kuzihitaji.

Nianze na sentensi uliyoipitisha haraka karibu na mwisho: kwamba kuna usiku unamwomba Mungu akuchukue na wewe. Katika kazi yangu ya uchungaji na ushauri nasaha kwa wafiwa nimeyasikia maneno hayo mara nyingi, na huwa yana maana mbili zilizo mbali sana. Wapo wanaomaanisha, "Nimechoka, nimemkumbuka, natamani maumivu haya yaishe." Eliya aliomba hivyo hivyo chini ya mretemu, katika 1 Wafalme 19, na Mungu hakumkemea. Alimwacha alale, akamletea mkate na maji, akamwacha alale tena. Wapo wengine ambao tayari wanafikiria watafanyaje: wameangalia dawa zilizobaki kabatini, au wamechagua siku. Jiulize uko wapi, na ujijibu ukweli. Ukiwa kwenye hali hiyo ya pili, au ukijiona unasogea huko, usisubiri sikukuu ipite. Mwambie mtu mmoja leo hii, kwa maneno yale yale uliyoniandikia, asikuache peke yako, mwende pamoja hospitali, idara ya dharura. Kwa mtu wa Kimara, hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu ni Mwananyamala; Muhimbili nao wana idara ya magonjwa ya akili. Idara za dharura hazifungwi Ijumaa Kuu wala Pasaka. Na kama dawa za marehemu bado zimo ndani, zitoe wiki hii, mpelekee mfamasia. Una mtoto wa miaka minne, hiyo peke yake ni sababu tosha.

Sasa swali lako. Hapana, imani yako haijakufa. Mtu ambaye imani imemtoka kabisa angevaa tu sare, akaimba sauti ya pili vizuri, akarudi nyumbani kupika pilau. Wewe neno "Amefufuka" linakukwama kooni kwa sababu unalichukulia kuwa jambo la kweli, na ukweli huo unagongana na udongo mbichi uliouona kwa macho yako Kinondoni. Huko kugongana ndiko nitakakokueleza kwa urefu, lakini kwanza tuzungumze juu ya mwili wako, maana nao umo katika habari hii.

Kwa mwaka na nusu mlikuwa na safari tatu za hospitali kila wiki. Wanaouguza mgonjwa wa figo nawafahamu: kuamka kabla ya jogoo, kupanga uji na maji yaliyopimwa, kusikiliza pumzi ya mtu usiku kucha maana maji yakijaa kifuani anaweza asifike asubuhi. Ubongo wako ulifundishwa kukesha. Mgonjwa ameondoka, lakini mlinzi hajaambiwa ashuke lindoni, bado anakuamsha usiku wa manane kusikiliza pumzi ambayo haipo. Ndiyo sababu hulali. Wala si pepo. Ni mwili uliojifunza upendo kwa mazoea ya kila siku, na mazoea hayafi siku anapokufa mtu.

Mwili huohuo unatunza kalenda yake. Mvua za masika, harufu ya viungo vya pilau kwa jirani, kitambaa cheupe kimeanikwa kwenye kamba, kwaya ikifanya mazoezi kwa mbali. Vyote hivi vilikuwepo wiki ile ya msiba, na vikirudi vinavuta maumivu kabla wewe hujajua kwa nini moyo unakwenda mbio. Kwako kuna jambo la ziada ambalo nataka ulijue mapema lisije likakushtua. Pasaka inahama. Kwa kalenda ya makanisa yetu inaweza kuangukia popote kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili. Mumeo alifariki Alhamisi Kuu, tarehe 17 Aprili 2025. Mwaka huu Alhamisi Kuu ni tarehe 2 Aprili. Maana yake kumbukumbu yako itakuja mara mbili: mara ya kwanza kwa kalenda ya kanisa, mara ya pili kwa tarehe, majuma mawili baadaye. Wafiwa wengi waliofiwa sikukuu hujikaza wakaivuka siku ya kwanza, wakadhani yamekwisha, halafu ya pili ikawaangusha jikoni. Andika tarehe zote mbili. Zote mbili usipange kazi nzito, na zote mbili awepo mtu mzima mwenzako nyumbani.

Kuhusu machozi kuvuka mwaka. Hakuna mahali popote katika Biblia palipowekwa mwaka. Mstari unaotumiwa kuwanyamazisha wafiwa ni ule wa 1 Wathesalonike 4:13, na watu huukatiza katikati. Paulo anasema "msije mkahuzunika kama na wengine wasio na matumaini." Hakusema msihuzunike. Alijua watahuzunika, alichowapa ni namna ya kuhuzunika wakiwa na kitu cha kushika mkononi. Na Bwana mwenyewe, amesimama mbele ya kaburi la Lazaro, akijua kabisa kwamba dakika chache zijazo atamwita atoke, alilia machozi. Kama kujua kwamba ufufuo unakuja kungekuwa dawa ya machozi, yeye asingelia.

Nalisema hili nikiwa na neno pia kwa ajili ya mama mkwe wako. Usimwone adui. Naye amemzika mwanawe. Mara nyingi mtu anayewakataza wengine kulia ni yule anayeogopa kwamba kilio chake mwenyewe kikianza hakitakatika. Siku moja mkimenya viazi au mkichambua mchele, muulize tu alivyokuwa mumeo alipokuwa mdogo. Usitaje neno kilio.

Wapo pia waliosoma kidogo wanaosema huzuni ina hatua tano, na ukifika ya tano umepona. Hatua hizo zilitokana na daktari Elisabeth Kübler-Ross, mwaka 1969, na alikuwa akizungumzia wagonjwa wanaokabili kifo chao wenyewe, siyo mjane aliyeachwa na watoto wawili Kimara. Kinacholingana zaidi na ninayoyaona ni maelezo ya watafiti wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, ya mwaka 1999. Wanasema mfiwa anakwenda na kurudi, kama bembea. Saa moja uko ndani ya kufiwa: unanusa shati lake, unalia. Saa inayofuata uko kwenye maisha mapya: ada ya shule, luku imeisha, unacheka kidogo na jirani. Kisha unarudi. Afya iko kwenye kule kwenda na kurudi. Anayeumia zaidi ni aliyekwama upande mmoja, iwe ni kulia mchana na usiku, au kutokulia kabisa kwa sababu amekatazwa.

Nije kwa huyo mtumishi wa redioni. Nitasema waziwazi: usitume hiyo 300,000. Usitume hata elfu kumi. Nimejaribu kutafuta namna ya upole ya kulisema hili na nimeikosa, maana alichokufanyia kimeniuma. Alimkuta mjane amebeba jiwe, akamwongezea la pili, kisha akamtoza hela ya kulishusha.

Angalia hoja yake. Anasema mashaka yako yalimuua mumeo. Figo zikishindwa kazi, sumu na maji vinabaki mwilini. Mashine inasaidia, haiponyi, na moyo unachoka. Hicho ndicho kilichotokea. Lakini tuiweke hoja yake hata kwenye Biblia anayoishika. Jumamosi ile, kati ya Ijumaa Kuu na Pasaka, nani alikuwa na imani? Petro alikuwa amekana mara tatu. Wengine wamejifungia. Wanawake waliojaliwa ujasiri wa kwenda kaburini walikwenda na manukato ya kupaka maiti, kwa maana walitarajia kukuta maiti. Wawili waliokuwa njiani kwenda Emau walisema, "Nasi tulikuwa tukitumaini". Tulikuwa, siyo tunatumaini. Hata habari ilipofika kwa mitume, Luka anasema maneno ya wale wanawake yalionekana kwao kama upuuzi. Hapakuwa na nyumba hata moja Yerusalemu ambayo haikuwa na mtu mwenye mashaka, na jiwe likaondolewa. Mungu hakungoja imani ya mtu yeyote.

Na manukato yale, Marko anasema waliyanunua. Walitoa fedha yao. Walipofika hayakuhitajika. Mimi huwa nasimama kidogo hapo kila nikisoma: ufufuo ulikuwa umeshatokea kabla mteja hajafika na kapu lake. Yeyote anayekuuzia sadaka ya ufufuo anakuuzia kitu ambacho siku ya kwanza kabisa hakikulipiwa.

Jumatatu ileile mliyomzika mumeo, tarehe 21 Aprili 2025, ndiyo asubuhi aliyofariki Papa Fransisko, akiwa na miaka 88. Jana yake tu alitokea kwenye roshani ya Kanisa la Mtakatifu Petro akawatakia watu Pasaka njema. Mimi ni Mlutheri, lakini siku ile nilikaa na habari hiyo kwa muda mrefu. Mzee wa kanisa kufa ndani ya Pasaka, na hakuna mtu mwenye akili timamu aliyesema palikuwa na upungufu wa imani Vatikani. Kufa ndani ya juma la ufufuo hakukumfanya mumeo kuwa mtu aliyekataliwa.

Kuna msemo mwingine nina hakika uliusikia msibani, maana husemwa kila msiba: kazi ya Mungu haina makosa. Watu huusema kwa nia njema, wanatafuta neno wakikosa. Lakini ukiugeuza kuwa fundisho kwamba Mungu ndiye aliyeziharibu figo za mumeo kwa makusudi, unakwenda mbali kuliko Maandiko. Paulo anakiita kifo adui: "Adui wa mwisho atakayebatilishwa ni mauti." Adui. Huna wajibu wa kukishukuru. Unaweza kukichukia kifo kwa moyo wako wote ukawa umesimama upande uleule aliosimama Kristo.

Sasa swali la mwanao. Nakiri ndilo lililonifanya nikujibu kwa urefu hivi, maana ameuliza swali ambalo watu wazima tunaogopa kuliuliza kanisani. Kama Yesu alifufuka siku ya tatu, mbona baba hajafufuka?

Jibu limo kwenye neno moja la Kiswahili tulilolizoea hadi hatulisikii. Katika 1 Wakorintho 15:20 tunasoma kwamba Kristo amefufuka katika wafu, "limbuko lao waliolala." Limbuko. Bibi zetu wanalijua neno hili kuliko wachungaji. Kulimbuka ni kuonja cha kwanza cha msimu: embe la kwanza, hindi la kwanza lililokomaa kwenye pembe ya shamba lenye jua zaidi. Unalichoma, mnagawana vipande, kila mtu anaonja punje kadhaa. Hakuna aliyeshiba. Shamba lote lililobaki bado ni la kijani. Lakini tangu siku hiyo hakuna anayeuliza tena kama shamba litazaa. Linaloulizwa ni lini.

Paulo alikuwa Myahudi, alijua anachosema. Katika Walawi 23 Waisraeli waliagizwa kumletea kuhani mganda wa kwanza wa mavuno, siku iliyofuata Sabato, msimu wa Pasaka. Kwa desturi ulikuwa mganda wa shayiri, nafaka inayotangulia kuiva. Kisha wakaanza kuhesabu siku hadi hamsini, ndipo ikaja sikukuu ya mavuno ya ngano. Kwa hiyo Kristo kufufuka asubuhi ile ni mganda wa kwanza kuinuliwa. Mavuno yenyewe bado. Mstari wa 23 unaweka utaratibu: "limbuko ni Kristo, baadaye walio wake Kristo, atakapokuja." Tunaishi kati ya limbuko na mavuno, na mumeo yumo shambani. Kwa hiyo unapolia siku ya Pasaka hulikani fundisho lolote. Unasimama mahali hasa ulipo, katikati ya shamba lisilovunwa bado, na limbuko umeshaonjeshwa. Nadhani makanisa yetu yamekosea kwa kuihubiri Pasaka kama vile shamba limeshavunwa lote. Mtu mwenye kaburi jipya anabaki anashangaa kwa nini ghala lake ni tupu.

Hata hapa pwani Pasaka hutukuta katika masika, watu wanapanda. Hatuvuni. Ukimweleza mtoto, mweleze na mvua inayonyesha nje.

Mtoto wa miaka tisa anaelewa kwamba kifo hakirudi nyuma; wa miaka minne mara nyingi bado, ataendelea kuuliza baba anarudi lini, na utamjibu kwa upole kila mara bila kumfokea. Wote wawili usiwaambie baba amelala, wataogopa kulala. Usiwaambie amesafiri, watangoja mlangoni. Usiwaambie Mungu alimpenda sana akamchukua, maana watajiuliza kama anakupenda na wewe. Mwite huyu mkubwa mahali penye utulivu, umwambie kitu kama hiki: "Baba alikufa. Figo zake ziliharibika, mwili ukashindwa. Harudi nyumbani. Yesu ndiye wa kwanza kufufuka, kama hindi la kwanza kuiva. Baba bado yupo shambani, Mungu anajua alipo, hajamsahau. Mimi pia namkumbuka. Mimi pia nasubiri." Ukilia katikati ya maneno hayo endelea tu. Ataona kwamba inawezekana kulia na kuamini kwa kinywa kimoja, na hilo hakuna shule ya Jumapili itakayomfundisha vizuri kuliko wewe.

Turudi kwenye kwaya. Mwalimu wako ana ukweli nusu. Kuimba pamoja na watu kunasaidia kweli: pumzi inashuka, kifua kinafunguka, na unasimama bega kwa bega na watu wasiokuuliza maswali. Pia kukwepa kwaya moja kwa moja kuna hatari. Kila mwaka unaopita mlango unazidi kuwa mzito, mwisho unapoteza na watu waliokuja hadi kaburini na sare zao. Lakini amekosea muda. Kumsimamisha mjane mbele ya kanisa zima, sikukuu ileile, nyimbo zilezile, huku watu wote wanamtazama waone kama atalia, hilo ni kumwomba mtu abebe gunia siku aliyotoka hospitali.

Ningekuwa wewe nisingeimba Jumapili ya Pasaka mwaka huu. Ningekwenda ibada ya Ijumaa Kuu. Wengi hunishangaa ninapowaambia hivyo wafiwa, lakini Ijumaa Kuu ndiyo siku ambayo kanisa halikudai uso wa furaha. Utasikia "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" ikisomwa kwa sauti mbele ya watu, na utakuwa umekaa kwenye benchi kama mtu mwingine yeyote. Mimi mwenyewe nilimzika mama yangu wiki moja kabla ya Matawi, miaka mingi iliyopita, na Pasaka ile nilihubiri ushindi kwa maneno niliyoyaamini na mdomo uliokuwa umekauka. Kilichonishika hakikuwa mahubiri yangu. Kilikuwa kanga yake moja, bado imefungwa fundo ambalo ndani yake kulikuwa na sarafu za sadaka alizoziweka tayari kwa Jumapili ambayo hakuifikia. Nilizitoa sadaka hizo Ijumaa Kuu. Sikuweza kuimba. Nilitoa tu.

Asubuhi ya Pasaka yenyewe, fikiria kwenda Kinondoni na watoto kabla ya ibada. Wenzetu Wamoraviani wana desturi ya kusali makaburini alfajiri ya Pasaka. Ilianzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, vijana walipopanda kwenye makaburi ya kijiji kabla ya jua wakaimba ufufuo katikati ya wafu wao, na wamisionari wao waliofika Rungwe mwaka 1891 walikuja na imani hiyohiyo. Nauona ni utaratibu wenye busara kubwa: ukitaka kusema "amefufuka", kaseme pale ambapo neno hilo lina kazi. Usiende gizani, na usiende peke yako na watoto. Mchukue shemeji au wanakwaya wawili, mfike kumekucha. Mvua ikiwa kubwa na maji yakajaa barabarani, msilazimishe, mtakwenda tarehe 17. Mkifika, ng'oeni majani, mwacheni kila mtoto aseme anachotaka. Kisha kama una nguvu nendeni ibada ya pili, ukae nao nyuma karibu na mlango. Wimbo ukikushinda, toka nje. Huna haja ya kumweleza mtu.

Kuhusu deni nitasema kwa ufupi tu, kwa sababu wewe unawajua wanakikundi wenzako kuliko mimi. Nenda kwa mwenyekiti kabla hajakuita, ukiwa na kiasi mkononi hata kidogo, uombe ratiba mpya iandikwe. Usikope mikopo ya riba kali, ile wanayoiita kausha damu, ili kulipa kikoba. Na usinunue nguo za sikukuu za watoto kwa mkopo. Wamepoteza baba, hawatahesabu kama gauni ni la mwaka jana.

Lini utafute msaada wa ana kwa ana? Hali ya kutaka kufa nimeshaieleza juu, hiyo haina kusubiri. Zaidi ya hiyo, huzuni ya kawaida huja kama mawimbi na kati ya wimbi na wimbi kuna pumzi. Mtu anacheka, anakula, anamfurahia mtoto. Ukiona mawimbi hayana tena nafasi katikati, hufurahii chochote kwa majuma mawili na zaidi, unajiona huna thamani, huli, unakunywa ili ulale, au asubuhi unashindwa kuwaandaa watoto, hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona inatibika. Madaktari pia wanatambua huzuni iliyokwama: Shirika la Afya Duniani linaizungumzia pale maumivu makali ya kumtamani marehemu yanapoendelea kila siku zaidi ya miezi sita na kuvuruga maisha, kupita ilivyo kawaida ya jamii ya mtu. Umefikisha miezi kumi na moja. Sikutangazii ugonjwa kwa barua, siwezi na sipaswi. Nasema usingizi huu uliopotea karibu mwaka mzima unatosha kuwa sababu ya kumwona daktari, umweleze yote, ikiwemo sala zako za usiku. Kunywa dawa ya sonona si kumwacha Mungu, kama vile mumeo kulala kwenye mashine mara tatu kwa wiki hakukuwa kumwacha.

Na mtafute mchungaji wako, au mzee wa kanisa mmoja unayemwamini, akusikilize saa nzima bila kukuombea kwanza. Mwambie hivyo tangu mlangoni: "Naomba unisikilize, sala tutafanya mwisho."

Mwalimu wa kwaya mpigie kesho, kabla ya mazoezi. Mwambie Pasaka hii utakaa na watoto, na kwamba hujajitoa. Kwaresima ina siku arobaini. Pasaka kanisani ina hamsini, hadi Pentekoste, ambayo mwaka huu ni tarehe 24 Mei. Mwombe ruhusa ya kuja mazoezini siku moja katika hizo hamsini, ukae tu kwenye kiti chako cha sauti ya pili bila kufungua kinywa. Akikuuliza utaimba lini, mwambie utamwambia. Sare usiirudishe. Ifue, ikauke vizuri maana kipindi hiki nguo zinashika ukungu, ikunje, iweke pale unapoweza kuifikia.